Maradhi ya Mtoto wa Skuli: Ni Kadari au ni Deni Letu?

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu kwa mwili na roho, akamwekea kila kimoja haki yake. Na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, katika risala hii nataka kusema nanyi juu ya suala moja, nalo ni hili: mtoto wa maskini akiugua kwa sababu ya mahali anaposomea, na kwa sababu ya ufukara alionao akiwa hapo, je, maradhi yale ni kadari tuiridhie na kunyamaza, au ni deni lililo juu ya shingo zetu? Suala hili laonekana jepesi, na kila mmoja wetu ana jawabu lake mdomoni. Mimi nami nalikuwa na jawabu langu kwa miaka ishirini na zaidi ya kusomesha, mpaka likanivunjikia mkononi. Nitaanza kwa kueleza jinsi lilivyovunjika, kwani si haki mtu kuwaonya wenzake kabla ya kuikiri aibu yake.

Mwaka wa 2018 nalikuwa Musoma, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika mkoa wa Mara. Jamaa zangu wa pwani wana biashara huko, wakaniomba niwasomeshee watoto wao katika chuo cha jioni, nami nikakaa mwaka mmoja na kitu. Miongoni mwa wanafunzi wangu walikuwamo wavulana wawili wa rika moja, waliokuwa wakisoma asubuhi katika skuli moja ya serikali, darasa moja. Mmoja alikuwa mwana wa mwenye mitumbwi ya dagaa. Wa pili alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake. Yule wa kwanza alihifadhi upesi. Yule wa pili alikuwa akisinzia. Nikamwonya, akasinzia. Nikamsimamisha, akasinzia kwa kusimama. Siku moja, baina ya Alasiri na Magharibi, kichwa chake kikaangukia juu ya juzuu iliyokuwa mbele yake. Nikaona huu ni utovu wa adabu juu ya Kitabu, nikamchapa bakora tatu. Hakulia. Aliniomba radhi, akasoma mstari mmoja, akasinzia tena.

Asubuhi yake bibi yake akaja. Nalidhani amekuja kugomba, nikajiweka tayari kwa maneno ya walimu. Kumbe amekuja kunishukuru. Akasema, "Ahsante, Maalim, kwa kumtia mwanangu adabu. Ila nakuomba uwe na subira naye, damu yake ni kidogo." Nikamwita mtoto, nikamwuliza amekula lini. Akanijibu, "Jana usiku, Maalim." Na ilikuwa kadhalika siku ile niliyomchapa: alikuwa hajatia kitu tumboni tangu usiku wa jana yake. Tukampeleka zahanati, akapimwa. Alikuwa na kichocho cha tumbo, alikuwa na safura, na damu yake ilikuwa chini kuliko inavyofaa kwa mtoto wa miaka yake. Basi usingizi niliouchapa haukuwa ukaidi. Ulikuwa maradhi, na maradhi yale aliyapata katika njia ya kutafuta elimu.

Tutazame sasa njia hiyo ilivyo, kwani mtu hawezi kuhukumu jambo asilolijua.

Mdudu wa kichocho aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, katika mji wa Kairo mwaka wa 1851, na tangu hapo wataalamu wameufuata mwenendo wake hatua kwa hatua. Mayai yake hutoka katika mwili wa mgonjwa kwa mkojo au kwa choo kikubwa, kwa kadiri ya aina ya kichocho. Yakifika majini huanguliwa, na vidudu vichanga huingia katika konokono wa majini. Humo huzaana, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta mtu. Mtu akitia mguu majini, humwingia kwa ngozi bila ya yeye kuhisi. Sisi watu wa pwani twakijua kichocho cha mkojo. Na kuna mahali ambapo watu waliona mvulana kukojoa damu ni dalili ya kuwa anakua, wakacheka. Huko Ziwa Viktoria, khasa ukingoni, kilicho kingi ni kichocho cha tumbo, ambacho hukaa katika mishipa ya matumbo, hudhuru ini, na baada ya miaka huweza kumvimbisha mtu tumbo na kumtapisha damu. Ama safura, huyo ni mnyoo aingiaye kwa nyayo zilizo wazi katika udongo ulionajisika, akakaa utumboni akinyonya damu kidogo kidogo.

Haya, tutazame skuli. Ziko skuli nyingi zisizo na maji ya bomba wala tangi la mvua, na hata iliyo karibu na ziwa huweza kuwa haina tone uani kwake. Maji yakikosekana, huagizwa watoto. Wa zamu hushika ndoo, hushuka ziwani, huingia mpaka magotini ili wachote maji masafi, hurudi nayo kupiga deki na kusafishia vyoo. Kwa kazi ile ile ya kuitakasa skuli, mtoto hujitia katika maji yenye kichocho. Kisha tazama vyoo. Kipimo kilichowekwa nchini kwetu ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Karo ilipofutwa kuanzia Januari 2016, tangu skuli ya msingi mpaka kidato cha nne, watoto walimiminika, na hiyo ni neema kubwa. Lakini watoto huweza kuongezeka kwa siku moja, na vyoo haviongezeki kwa siku moja. Mtoto aliyesimama katika safu ndefu, kengele inalia, huenda kichakani au ufukweni. Mvua hunyesha, uchafu huteremka majini, na kesho mwenziwe mwenye zamu huingia maji yale yale na ndoo yake.

Nanyi mwajua, ndugu zangu, kwamba Mtume wetu alikataza vikali kwenda haja penye maji, na njiani, na kivulini. Katazo hilo twalisomesha katika mlango wa tohara, na watoto hulihifadhi. Lakini tumekuwa tukimkataza mtoto pale pasipofaa, bila ya kumwonyesha pale panapofaa. Na kumkataza mtu mlango bila ya kumpa mlango mwingine ni kumtaka avunje ukuta.

Sasa nakuja kwenye tofauti ya watu, kwani huenda mtu akasema: "Ziwa ni la wote, na mdudu hachagui." Naam, mdudu hachagui, lakini sisi tumemchagulia. Wale wavulana wangu wawili walikuwa darasa moja. Mwana wa mwenye mitumbwi alikwenda skuli na viatu, mnyoo wa safura akakosa pa kuingilia. Nyumbani kwao kuna bomba, hakuwa na haja ya kuogea ziwani. Asubuhi alikunywa chai kwa chapati, na mfukoni alikuwa na shilingi za maandazi ya mapumziko. Alipougua homa ya malaria alitibiwa siku ile ile. Yule yatima alikwenda miguu mitupu, alioga ziwani, alifua ziwani, aliteka maji ziwani nyumbani na skulini, na alikula mara moja kwa siku. Walimu wao ni wamoja, kitabu chao ni kimoja, mtihani wao ni mmoja. Lakini miili iliyokaa juu ya dawati lile haikuwa na hali moja, na mtihani haumwulizi mtoto amekula nini.

Hata dawa yenyewe haiwafikii sawasawa. Serikali hugawa skulini dawa ya kichocho, iitwayo prazikwanteli, na ile ya minyoo. Mtoto husimamishwa penye fimbo yenye alama, hupimwa kimo, hupewa vidonge kwa kadiri yake. Ni kazi njema, na wanaoifanya wana ujira wao kwa Mungu. Lakini dawa ile ni chungu, na mwenye kuinywa na njaa huumwa tumbo, huona kizunguzungu, na pengine hutapika. Ndiyo maana wataalamu huagiza mtoto ale kwanza. Basi tazama: aliyekunywa chai kwao huimeza dawa ikakaa, aliyekuja na njaa huitapika, kisha kesho huikimbia. Mwaka wa 2008 huko Morogoro watoto waligaiwa dawa hii maskulini, wengine wakashikwa na maumivu, uvumi ukaenea kuwa wametiliwa sumu, wazazi wakaghadhibika, fujo zikatokea, na ugawaji ukasimamishwa. Watu wengi walisema sababu ni ujinga. Ujinga ulikuwapo, lakini na matumbo matupu nayo yalikuwapo, na hakuna aliyeyahesabu.

Ama chakula cha skulini, karo imefutwa, lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vimebaki juu ya mzazi. Mahali wazazi walipokubaliana, hupikwa uji au makande kwa mchango wa mahindi, maharage na fedha kidogo. Asiyechanga, mtoto wake hukaa kando akawatazama wenziwe. Na kwa nini hakuchanga? Huko Bunda, katika vijiji vilivyo karibu na mbuga ya Serengeti, tembo huingia shambani wakala mtama na mahindi usiku mmoja yaliyolimwa kwa msimu mzima. Huko Butiama, mvua ikikosa, muhogo huchimbwa kabla ya wakati wake. Na ukingoni mwa ziwa, sangara hukatwa minofu ikasafirishwa Ulaya, na dagaa hupakiwa kwa magunia kwenda mbali, wengine wakawa chakula cha kuku, na mtoto wa mvuvi asiye na mtumbwi hula ugali kwa mlenda. Basi njaa ya mtoto huyu si kwa sababu nchi haina kitu. Kitu kipo, lakini chapita mbele ya mlango wake.

Hapa ndipo lilipo suala letu. Kuna wanaosema: "Mwenyezi Mungu ndiye aliyegawa riziki, huyu akampa na huyu akamnyima. Maradhi ni yake na afya ni yake. Kilichobaki ni kusubiri." Maneno haya yana ukweli ndani yake, na kwa sababu ya ukweli huo ndiyo yanawapoteza watu. Sisi twaamini kadari, kheri yake na shari yake, na asiyeiamini imani yake ina kasoro. Lakini kuiamini kadari ni jambo moja, na kuifanya kadari mto wa kulalia ni jambo jingine.

Sayidna Umar, Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham, akafikiwa na habari za tauni, ile iitwayo tauni ya Amwas, iliyoua masahaba wengi katika mwaka wa 18 wa Hijra. Alishauriana na watu, akaazimu kurudi Madina. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika kadari nyingine yake, na akampigia mfano wa mchunga aliye na bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Mwenye akili na atafakari. Ikiwa kichocho ni kadari, basi na choo ni kadari, na bomba ni kadari, na uji wa saa nne ni kadari. Mungu ameziweka zote mbele yetu, akatupa mikono ya kuchagulia.

Na kama ukitaka kuujua ukweli wa moyo wako, ndugu yangu, jitazame mtoto wako mwenyewe anaposhikwa na homa usiku wa manane. Je, husema ni kadari ukajifunika shuka? Humbeba begani, ukagonga mlango wa daktari, ukauza hata saa yako. Basi vipi kadari iwe dawa ya mtoto wa jirani, na daktari awe dawa ya mtoto wako? Huko si kutawakali. Huko ni kutawakali kwa tumbo la mwenzio. Subira ni ibada kubwa kwa aliyepatwa na msiba. Lakini aliyeshiba hana ruhusa ya kumwandikia subira mwenye njaa.

Tena kuna jambo la pili. Mtoto si mukallafu. Kalamu imeondolewa juu yake mpaka abaleghe. Dhambi haiandikwi, wala haadhibiwi kwa aliyoyatenda. Basi mtoto aliyekwenda haja penye maji, au aliyeingia ziwani bila ya hadhari, hatuwezi kusema maradhi yake ni malipo ya kosa lake. Na kosa likimwondokea mtoto, haliruki hewani likapotea. Hurudi kwa walii wake. Na walii akiwa ni ajuza asiyeweza kununua jozi ya kandambili, hurudi kwa nani?

Nasema hurudi kwanza kwa yule aliyemwita mtoto. Kwetu ni sheria kumpeleka mtoto skuli. Mzazi akimzuia hushitakiwa. Hilo ni jema. Lakini anayemtoa mtoto nyumbani kwao kwa amri, akamkalisha mahali tangu asubuhi mpaka alasiri, ameshika amana ya mwili wake kwa saa hizo, si amana ya akili yake tu. Na hili latuhusu sisi walimu wa vyuo kama linavyowahusu wa skuli. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwalimu aliyepewa idhini na walii kumtia mtoto adabu, akampiga kipigo cha kawaida, na mtoto akadhurika kwacho, mwalimu huyo ni dhamini, atalipa. Kwani idhini ya kutia adabu imefungwa na sharti ya salama. Nimeisomesha mas'ala hii mara nyingi, lakini siku ile, mkongojo wa yule bibi ukiwa umeegemea mlango wangu, ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza. Ikiwa mwalimu huulizwa kwa bakora aliyoruhusiwa, ataachwaje kuulizwa kwa maji machafu, kwa choo kilichobomoka, na kwa njaa aliyoiona kwa macho akaiita uvivu?

Kisha hurudi kwetu sote. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho wanazuoni wetu wa pwani wamekisoma na kukisomesha tangu zamani, amehesabu miongoni mwa fardhi za kutosheleza kuondoa madhara ya watu, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya umma hazikutosha. Na wafafanuzi wa kitabu hicho wakaeleza kuwa na ujira wa tabibu na thamani ya dawa huingia katika maana hiyo; na kuwa hukumu hii haikomei kwa Waislamu peke yao, bali humfika na asiyekuwa Mwislamu aliye katika amani yetu; na kuwa mwenye kulazimika ni yule aliye na ziada ya matumizi yake na ya watu wake kwa mwaka. Fardhi ya kutosheleza ikitendwa na baadhi ya watu, wengine husalimika. Isipotendwa na mtu, huingia makosani kila aliyejua akaweza akaacha. Zingatieni neno hili, kwani twalitamka makaburini kwa habari ya sala ya maiti. Twaona aibu kumzika mtu bila ya sala, lakini hatuoni aibu mtoto kumzika kabla ya wakati wake.

Mtu ataniambia: "Hii ni kazi ya serikali." Naam, ni kazi ya serikali, tena ndiye wa kwanza kuulizwa, kwani ndiye mwenye kodi na mwenye sheria. Lakini fardhi haianguki juu yako kwa sababu mwenzio naye ameachia. Mwingine ataniambia: "Wale wa Mara wengi si wa dini yetu, na sisi ni watu wa pwani." Huyo jawabu lake limekwisha kupita katika maneno ya wafafanuzi wa Minhaj. Na tena nasema, mbona dagaa wao tunawala, na sabuni zetu na vitambaa vyetu twawauzia? Mali imevuka ziwa na reli ikaja mpaka kwetu. Iweje huruma ishindwe kuvuka? Wamarekani, watu wa mbali na sisi kwa dini na nchi, walileta chakula, na shirika la Project Concern International likakipika maskulini huko Bunda, Musoma na Butiama, pamoja na kuangalia maji na vyoo, katika miaka ya 2010 na baada yake. Twawashukuru. Lakini msaada wa mgeni una mwanzo na mwisho, na sufuria inayongoja meli siku moja itangoja bure.

Wala msiseme haiwezekani. Mwaka wa 1934 Julius Nyerere, akiwa mtoto wa miaka 12, alitoka Butiama akaenda Musoma kuanza skuli ya Mwisenge, mwendo wa karibu kilomita 40. Alipokuwa rais, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka kila skuli iwe na shamba, iweze kujilisha. Wazo lile watu wengi wameliacha likaota majani, lakini ardhi haijahama. Na hapa kwetu Visiwani, Unguja na Pemba, ambako kichocho cha mkojo kilikuwa kama desturi ya wavulana, tangu miaka ya 2010 walijipa kazi ya kukipiga vita: dawa iligawiwa, konokono wakauawa, watoto wakafundishwa, na mahali pengine pakajengwa vyoo vya kukojolea na sehemu za kufulia ili watu wasiingie mitoni. Kichocho kikapungua mno. Lau kingekuwa kadari isiyogusika, kisingeondoka kwa kujenga vyoo.

Basi yatupasa nini? Naanza na vyuo vyetu, kwani hatuwezi kunyosha kidole Musoma na cha kwetu kimepinda. Nendeni mkatazame: watoto 60 juu ya jamvi moja, mtungi mmoja, kata moja, na choo hakuna, wakati msikiti ulio ubavuni una mazulia mapya na mapanka kila nguzo. Mwenye kutaka kuweka wakfu na aweke wakfu wa choo, na wa tangi la maji ya mvua, na wa uji. Babu zetu waliweka wakfu wa visima, na hawakuona kisima ni kitu duni kuliko mnara. Katika kamati za skuli, mwenye uwezo achange fungu la wawili, lake na la asiyeweza, na jina la huyo wa pili lisitajwe, ili mtoto asile uji pamoja na aibu. Siku ya kugawa dawa, watoto wale kwanza, wote. Mwalimu asimtume mtoto kuingia ziwani kuteka maji. Atafute njia nyingine, ama aache kupiga deki.

Na wasichana je? Fikihi yetu imeeleza hukumu za hedhi kwa urefu, nasi wanaume twazisoma bila ya kuona haya. Lakini tunaona haya kuuliza binti zetu hujisitiri wapi skulini, na maji ya kujitwaharisha hupata wapi. Taulo zao ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka wa 2018, ikarudishwa mwaka wa 2019, na wengi wetu hatukujua ilipoondoka wala iliporudi. Msichana anayebaki nyumbani siku zile kwa kukosa kitambaa na mlango wa choo, amezuiliwa elimu na sisi, wala si na maumbile yake.

Na wewe mwalimu mwenzangu, ukimwona mtoto amesinzia, kabla ya kunyosha mkono kwenye bakora, mwulize maneno manne tu: "Umekula nini leo, mwanangu?" Mimi sikuyauliza.

Yule mvulana alitibiwa, akanywa dawa akiwa ameshiba, tukamnunulia viatu. Baada ya miezi michache usingizi ukamtoka, na siku nilipoaga Musoma alikuwa amekhitimu juzuu yake ya kwanza. Alinipa mkono akanibusu wa kwangu, mkono ule ule uliomchapa. Nilimwomba anisamehe. Akacheka, akasema, "Maalim, mimi nilikwisha sahau." Yeye amesahau, na ni haki yake. Lakini katika darasa lile alilotoka walibaki wenziwe ambao hapakutokea mtu wa kuwachapa kwa makosa, akaona aibu, akawapeleka kupimwa. Hao ndio deni lililobaki, na deni haliondoki kwa mdai kunyamaza.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona tulivyovizoea, atusamehe kwa watoto tuliowaadhibu kwa njaa zao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kulipa madeni kabla ya siku ambayo hakuna fedha wala rehani. Amin.